Jumamosi Moja ya Bibi Dodoma

Je, umewahi kutumwa maneno na mtu mzima, ukaenda nayo mpaka katikati ya njia, kisha ukafikisha mengine? Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe moyoni, halafu umsikilize Yudith.

Yudith alikuwa darasa la sita, akikaa na wazazi wake Area D, Dodoma. Kila siku akitoka shuleni alivua sare, akafua soksi zake na kuzianika ukutani, kisha akaingia jikoni kutwanga karanga za mboga ya jioni. Siku hizo kazi zilikuwa zimeongezeka. Mama yake, Emiliana, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Nathanaeli, na bado hakuwa akitoka nje. Kwa hiyo Yudith ndiye aliyeanua nepi, ndiye aliyekoroga uji wa uwele wa mama, na ndiye aliyembembeleza mtoto wakati mama anaoga.

Jioni moja baba yake, Sostenes, alirudi kutoka ofisini Mtumba uso umemchangamka.

"Yudith, bibi yako anakuja kumwona mtoto. Atafika Ijumaa jioni."

Bibi huyo, mzaa mama, aliishi kijijini upande wa Mpwapwa. Alikuwa amezeeka bila kukanyaga Dodoma mjini hata mara moja. Na safari yenyewe ilikuwa fupi: Jumapili mchana lazima apande basi arudi, kwa maana uwele shambani ulikuwa umeanza kukomaa, na ndege hawamngojei mtu. Kwa hiyo siku yake ya mjini ilikuwa Jumamosi, hiyo moja tu.

"Nataka siku hiyo iwe yake," alisema baba. "Mpigie simu, umuulize anataka kuona nini, au aende wapi. Chochote atakachosema, nitakifanya. Nimeshaazima gari la rafiki yangu."

Labda utashangaa kwa nini baba hakupiga simu mwenyewe. Katika ukoo wao wa Kigogo, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana sana. Hawali pamoja, hawakaziani macho, wala hawaelezani haja zao moja kwa moja. Mwenye kupita katikati yao ni mjukuu, kwa sababu mjukuu na bibi ni watani, hawaoneani haya. Mama naye alikuwa ameshazoea kuwaachia wenyewe. Kwa hiyo Yudith alikuwa mdomo wa baba kwa bibi, na mdomo wa bibi kwa baba.

Alipopiga simu, rafiki yake Hilda alikuwa anamngoja nje na kamba ya kuruka.

"Mbukwa, mjukuu wangu!" Bibi aliitikia kwa salamu ya Kigogo, kwa sauti ya juu, kama anayemwita mtu ng'ambo ya korongo. "Hamjambo? Mama yako anakula? Mtoto analala? Amefanana na nani? Maziwa yanatoka? Baba yako mzima? Na ninyi huko mvua mlipata?"

"Wote wazima, bibi. Baba anauliza, ukija unataka kuona nini huku mjini?"

Bibi akacheka. "Amesema hivyo? Mungu ambariki. Basi ngoja nikae chini, mjukuu wangu, nikueleze vizuri. Ni habari ndefu kidogo. Zamani, tulipokuwa wasichana..."

Kule nje Hilda aliita, "Yudith, weee! Unaongea na simu au unailea?"

"Bibi, mtandao unasumbua," alisema Yudith. "Sikusikii, bibi. Sikusikii kabisa." Akakata simu. Mtandao haukuwa na neno. Sauti ya bibi ilikuwa inasikika mpaka mlangoni.

Huko nje Hilda alianza maringo yake. "Jumapili tulienda ile bustani yenye bembea za kuzunguka. Wewe utaishia kuiona kwenye simu ya watu."

"Nitaenda Jumamosi," alijibu Yudith kabla hajafikiri.

"Muongo! Na nani?"

"Na bibi yangu."

Kumbe neno likishatoka linatafuta lingine la kulishikilia. Baba alipouliza usiku ule bibi amesemaje, Yudith alijibu haraka haraka: bibi anataka kuiona stesheni ya treni ya umeme, anataka kuliona Bunge, na mwisho anataka kwenda bustani ya bembea akaone watoto wa mjini wanavyocheza.

Mama aliinua macho kutoka kwa mtoto. "Mama yangu mimi? Bembea?"

"Ndivyo alivyosema, mama."

"Haya," alisema mama, akitikisa kichwa na kucheka. "Uzee nao una mambo yake."

Ijumaa jioni bibi alifika na kuku mmoja, mfuko wa mlenda mkavu, na kibuyu cha samli kilichofungwa kwa kitambaa. Yudith alimwamkia, "Shikamoo bibi," akapokea mizigo. Lakini hapo hapo akawaza. Itakuwaje bibi akisema anachokitaka mbele ya mama? Basi hata kabla mgeni hajamaliza maji ya kunywa, mama akiwa bado chumbani na mtoto, Yudith alipiga magoti kando yake.

"Bibi, baba ameshapanga kila kitu. Kesho anakupeleka stesheni, na Bungeni, na bustani. Amefurahi mno."

Bibi alikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena. "Ameshapanga?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi. Siwezi kumkatalia mkwe wangu. Mwambie nashukuru."

Uongo wa kwanza wa safari hiyo ulikwenda kwa baba. Huo ulikuwa wa pili, nao umekwenda kwa bibi. Usiku Yudith alijigeuza kitandani, akajiambia kuwa mwishowe bibi atafurahi. Nani asiyependa kuona treni?

Jumamosi jua lilikuwa kali, la kuchoma mpaka ukosi. Stesheni ilikuwa kubwa na yenye ngazi nyingi, na bibi, ambaye magoti yalikuwa yanamsumbua, alipanda akiushika ukuta. Baba alitangulia mbele kidogo, kama adabu inavyotaka, akageuka upande.

"Yudith, muulize bibi yako kama amechoka."

"Bibi, baba anauliza kama umechoka."

"Mwambie sijachoka hata kidogo. Mwambie nimefurahi," alijibu bibi, jasho likimtiririka shingoni.

Walipofika Bungeni walisimama ng'ambo ya barabara. Bibi alikinga macho kwa kiganja, akatazama lile jengo kwa muda.

"Ndimo wanamozungumzia ile barabara yetu?" alimnong'oneza mjukuu wake.

"Ndimo, bibi."

"Mh. Basi ukumbi wenyewe si mbaya. Labda viti ni laini sana, wanasinzia."

Siku nyingine Yudith angecheka mpaka akae chini. Siku hiyo alicheka kidogo tu, maana aliona bibi amevua kiatu kimoja chini ya kanga, anaupumzisha mguu juu ya mguu mwingine.

Na bustani je? Yudith alipanda bembea ya kuzunguka, ile ile aliyoililia. Kila ilipomzungusha alimwona bibi amekaa kwenye benchi lisilo na kivuli, anampungia mkono kwa utaratibu, na baba amesimama mbali na mwavuli ambao hakuthubutu kwenda kumfunika nao mkwewe mwenyewe. Bembea iliposimama, Yudith aliteremka akaomba warudi nyumbani. Alisema kichwa kinamuuma. Hakikuwa kichwa.

Jioni bibi alikaa mkekani sebuleni, miguu imevimba, ameitia kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi. Nathanaeli alikuwa amelala zamani. Bibi alikuwa amempakata asubuhi tu, kabla ya kutoka. Baba alikuwa nje barazani, nyuma ya pazia la mlango, anazungumza na simu.

"Mama mkwe? Ameona vyote alivyotaka, ndugu yangu. Vyote! Nina raha kama nimepata cheo." Alipomaliza aliita kwa sauti, "Yudith! Mwambie bibi yako ahsante kwa kukubali kutembea na mimi."

Bibi naye akamnong'oneza, "Nenda kamwambie baba yako Mungu amzidishie. Na usimwambie habari ya miguu, asije akasikitika bure."

Yudith alisimama kwenye pazia, shukrani mbili mdomoni. Hakuna aliyekuwa amemshtukia. Angeweza kuzipeleka zote mbili, kesho bibi apande basi, na jambo liishie hapo. Alifumbua mdomo ili aseme "Bibi anashukuru", na badala yake akaanza kulia.

"Nini tena?" aliuliza mama.

"Bibi hakusema," alisema Yudith katikati ya kwikwi. "Hakusema stesheni, hakusema Bunge, hakusema bustani. Ni mimi. Nilimkatia simu, nikamwambia mtandao mbaya. Halafu nikamwambia kuwa baba ndiye amepanga. Ni mimi nilitaka bembea."

Barazani kiti kilisogezwa. Baba alikuja akasimama mlangoni, uso ameugeuzia upande, kwa ajili ya mkwe.

"Yudith. Nimemtembeza mama huyu juani kutwa nzima, nikidhani namheshimu?"

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Nami nilikuwa nameza maumivu," alisema bibi polepole, "nikidhani namheshimu mkwe." Kisha akacheka kicheko kifupi cha pua. "Loo! Tumeheshimiana mpaka nimevimba miguu."

Mama hakucheka. "Usimchekee, mama. Siku yako moja ameila yeye."

Baba alivuta pumzi. "Sikiliza, mwanangu. Ungetaka bembea, ungeniomba. Ningekubali au ningekataa, yangeisha. Lakini mtu akikutuma neno, neno hilo si lako. Hulipunguzi, huliongezi, hulibadilishi. Mimi na bibi yako tulikuamini kwa sababu hatuna njia nyingine. Ulipodanganya hukumdanganya mtu mmoja. Uliufunga mlango kati ya watu wawili, na wote wawili wakadhani uko wazi. Umefanya vizuri kusema mwenyewe. Kuanzia sasa mwezi mzima hutacheza nje jioni. Utamsaidia mama na mtoto. Umeelewa?"

"Nimeelewa, baba."

"Basi futa machozi. Muulize bibi yako tena lile swali. Na safari hii msikilize mpaka mwisho."

Yudith alijifuta kwa kiganja, akapiga magoti kando ya beseni.

"Bibi, baba anauliza. Ukija mjini ulitaka nini?"

Bibi alijitazama miguu ndani ya maji. "Ah, yameshapita. Mwache baba yako apumzike."

"Bibi," alisema Yudith, "nakusikia vizuri kabisa."

Bibi akajiweka sawa, na ingawa baba alikuwa pale pale mlangoni akisikia kila neno, alisema kama desturi inavyotaka.

"Mwambie baba yako hivi, wala usipunguze. Huko Mkonze, hapa hapa Dodoma, kuna mwanamke anaitwa Dorkasi. Tulikaa dawati moja tukiwa wasichana, tukila karanga mwalimu akigeuka ubaoni. Siku redio ilipotangaza kuwa Dodoma itakuwa makao makuu ya nchi, tuliahidiana kuja kuyaona pamoja. Yeye akaolewa huku, mimi nikabaki kule. Sasa nasikia macho yake yamekwisha, haoni tena. Kwa hiyo majumba hayo hata mimi nilikuwa siyatafuti. Mwambie kesho asubuhi anifikishe kwa Dorkasi, aniache pale mkekani, na asinitembeze popote. Nilitaka kukaa naye tu, anishike uso, anijue."