Raundi Iliyoamua

Mama Pacha ni fundi cherehani. Kila asubuhi hufungua kibanda, hutia cherehani mafuta, kisha hushika mkasi. Mkono wake haukosei mstari.

Mwezi mmoja alishindana na mafundi wenzake wanne. Mshindi angefundisha katika chuo cha ufundi kwa muhula mmoja. Raundi zilikuwa tatu: kukata kitambaa, kushona gauni, na kushona matundu ya vifungo kwa mkono. Kila raundi ilikuwa na alama hamsini.

Aliongoza kukata. Aliongoza kushona. Jumla ilipotoka, alikuwa wa tatu.

Alirudi nyumbani na karatasi ya alama.

"Nimeshinda raundi mbili kati ya tatu," alimwambia mumewe. "Nimekuwaje wa tatu?"

"Labda wamekosea kujumlisha."

Wakajumlisha upya mara tatu. Jibu lilikuwa lile lile.

"Basi kazana na kukata," mumewe akashauri. "Ndiko unakong'ara."

Wiki nzima alikata vitambaa, lakini moyo haukutulia. Siku moja jirani yao, kocha wa riadha, alileta suruali ibadilishwe zipu. Mama Pacha akamwonyesha karatasi ya alama.

"Shemeji," kocha aliuliza, "kwenye kukata, wa kwanza alipata ngapi?"

"Ni mimi. Arobaini na nane. Wa mwisho arobaini na tano."

"Tofauti ni tatu tu. Na kwenye vifungo?"

"Wa kwanza arobaini na tano, wa mwisho ishirini. Mimi ishirini na nane."

"Tofauti ishirini na tano."

"Lakini zote ni za alama hamsini. Si ziko sawa?"

"Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini kwenye kukata mlikwenda bega kwa bega. Hata ukikata vizuri namna gani, utawapita kidogo tu. Kwenye vifungo ndiko mlikoachana. Huko ndiko ushindi ulikoamuliwa."

Mama Pacha akaweka mkasi chini. "Kumbe natwanga maji kwenye kinu."

Tangu hapo, kila alasiri alishona matundu kwenye vipande vya nguo. Vidole vilichomwa na sindano. Alifumua, akarudia.

Muhula uliofuata mashindano yakaja tena. Alikuwa wa pili kukata, wa pili kushona, wa pili kwenye vifungo. Kila raundi iliongozwa na fundi tofauti, na kwenye vifungo aliachwa kwa alama moja tu. Kwa jumla akawa wa kwanza.

Mumewe alikuna kichwa. "Hujaongoza hata raundi moja, halafu umeshinda?"

"Kaa hapa, mume wangu," alisema, akivuta kalamu. "Nawe nikufundishe."