Pini na Glasi ya Tatu

Fundi cherehani wa mtaa wetu tunamwita Pini. Akiwa kazini hubana pini kwa midomo, kwa hiyo huongea kwa nyusi tu. Ukimuuliza kama nguo itakuwa tayari Ijumaa, nyusi zikipanda, njoo. Zikishuka, usimsumbue. Ni mtu wa haya, na tunampenda hivyo hivyo.

Ana sheria moja. Kipimo cha mteja ni siri. Hata mkewe, anayeshona vifungo meza ya pili, haambiwi.

Jumapili moja dada yake alifanya sherehe ya kuzaliwa. Alikuwepo pia mama wa kijana anayemchumbia binti wa Pini. Pini aliombwa aseme machache. Hakuwa amekula kitu tangu asubuhi. Akaona mvinyo mezani, akanywa glasi moja upesi apate ujasiri.

Uso ukachangamka. Glasi ya pili, akatania watu na tukacheka sana. Glasi ya tatu, akasimama.

"Dada yangu nampenda!" alisema kwa sauti kubwa. "Gauni lake nimelitanua mara mbili! Kiuno chake na cha mkwe wetu huyu, sijui nani mshindi!"

Hakuna aliyecheka. Dada yake aliinamisha kichwa. Mama wa kijana aliweka uma chini. Pini akakasirika kwa nini hatucheki, kisha akalia, kisha akalala kwenye kochi na viatu vyake.

Kesho yake binti alikuja kwenye chumba cha kushonea.

"Baba, siku ya harusi utanisindikiza," alisema. "Lakini tafadhali usiseme neno. Mjomba atasema."

Pini alitoa pini mdomoni, moja moja. "Kwani nilisema nini jana, mwanangu?"

Binti akaondoka akifuta macho. Mkewe ndiye aliyemsimulia yote, na Pini akashika kichwa. Kweli, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Jirani yao muuguzi, aliyekuwepo pia kwenye sherehe, aliingia kujaribu sare yake. Akawakuta wamenuna.

"Dada muuguzi," mke alisema, "huyu mume wangu ni mpole. Yule wa jana alitoka wapi?"

"Ni huyu huyu, shemeji," muuguzi alisema. "Mvinyo ukiingia tumboni, hasa tumbo tupu, hufika upesi kwenye damu, kisha kwenye ubongo. Hapo hulegeza ile akili inayotuambia, 'Hili sema, hili meza.' Haya hupungua. Mtu huchangamka."

"Kuchangamka si vibaya," Pini alijitetea.

"Hukuishia hapo, shemeji. Ukiongeza, ulimi huwa mzito na miguu huyumba. Moyo nao hugeuka. Mara kicheko, mara hasira, mara machozi. Kesho hukumbuki. Na watu hatufanani. Wengine glasi moja tu inatosha kuwabadilisha."

"Mimi nilimpa kahawa kali," mke alisema.

"Ulipata mlevi aliye macho! Kahawa haiondoi ulevi. Ini ndilo linalousafisha, na ini halina haraka. Lazima muda upite. Mpaka hapo asishike mkasi wala usukani."

"Nilitaka maneno tu," Pini alisema. "Mimi sijui kuongea."

"Mvinyo haukupi maneno, shemeji. Unakunyima breki. Kama unaogopa kusema, siku hiyo usinywe hata tone. Fanya mazoezi."

Jioni ile Pini alikwenda kwa dada yake, kisha kwa mama wa kijana. Aliomba radhi bila tone la mvinyo, kichwa kizima. Dada yake alimkumbatia. Mama wa kijana alichelewa kidogo kutabasamu, lakini alitabasamu.

Kisha mazoezi yakaanza. Pini aliihutubia ile sanamu ya kujaribishia nguo. Mkewe alicheka mpaka akajidunga sindano. Siku moja binti alisimama mlangoni, akamsikiliza mpaka mwisho bila yeye kujua.

"Baba," aliita. "Nimemwambia mjomba aketi tu. Utasema wewe."

Siku ya harusi Pini alikula vizuri, akanywa maji ya matunda. Aliposimama, alimgeukia binti yake. Tulimsubiri.

"Mwanangu," alisema, "nimekushonea tangu sare yako ya kwanza ya shule. Kila mwaka niliacha pindo kubwa, ili ukirefuka nikushushie. Gauni la leo nalo nimeliachia pindo. Ukikua zaidi, rudi kwa baba yako."

Binti alilia, na mama wa kijana alipiga makofi kuliko sote. Ndipo dada yake Pini akapaza sauti kutoka nyuma:

"Na langu, fundi? Langu umeliachia pindo kiasi gani?"

Sote tukamgeukia fundi wetu. Pini alimtazama dada yake kwa upendo, akabana midomo kana kwamba imejaa pini, akaketi. Dada yake alicheka mpaka kilemba kikamvuka.