Chumba Kisichotaka Chuma

Haya yalimpata rafiki yangu, mtabiri wa dhoruba za jua. Kila asubuhi huchungulia milipuko ya jua na mtikisiko wa sumaku ya dunia, kisha hutoa tahadhari. Siku hiyo jua lilikuwa shwari kabisa, lakini mchoro wa sumaku, unaotoka kwenye kipimo kilichofungwa katika chumba cha chini ya ardhi, ulirukaruka.

"Umesahau chuma kule chini, mzembe wewe!" mkuu wake alimfokea. "Kakiondoe, la sivyo kazi huna!"

Akavua saa na mkanda, akaacha simu, maana hata kifungo cha chuma huvuruga kipimo. Akashuka kwenye chumba kile kisicho na taa wala dirisha. Akapapasa sakafu nzima, asiambulie kitu. Ndipo akasikia kama mnyororo unaburutwa taratibu kandokando ya ukuta.

Sauti ya mkuu ikashuka kwenye bomba la kuzungumzia: "Acha kuzungukazunguka na hicho chuma! Mchoro nauona ukiruka!"

"Nimesimama, mkuu," alinong'ona.

"Mwongo mkubwa!"

Mburuzo ukamkaribia, ukampita ubavuni, ukakoma nyuma ya kisogo chake.

"Haya," mkuu akasema kwa kejeli. "Sasa ndiyo umesimama."