Hasara ya Mtetezi

Tarishi alizikwa Jumatatu. Alhamisi saa saba mchana akaleta zamu yake.

Jemadari alikuwa karakanani wakati huo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno bandia katika hospitali moja kubwa, na mkononi alishika fizi za plastiki za mzee aliyekuwa akisubiri nje kwa hamu ya kutafuna tena. Simu ikatetemeka kwenye mfuko wa koti. Akaitoa, akaona barua pepe yenye jina la Tarishi, rafiki yake, na chini ya jina neno moja tu: Hodi. Simu ilinuka udongo uliolowa. Akaifuta kwenye suruali, akainusa tena, ikanuka vilevile.

"Binti yake huyo," alijiambia. "Atakuwa amefungua kompyuta ya baba yake, maskini."

Sasa hawa wawili hawakuwahi kuonana hata siku moja, ila kwa miaka sita walikuwa wakipigana vita. Vita vya mezani, usiogope. Ramani pana ya mto na vilima iliyogawanywa vyumba vidogo vya pembe sita, vikosi mia mbili na ushee, na kitabu cha kanuni cha kurasa sitini ambacho mke wa Jemadari alikiita kitabu cha wendawazimu. Kila mmoja alikuwa na ubao wake nyumbani kwake. Ukisogeza kikosi, unamwandikia mwenzako kimetoka chumba gani kimeingia kipi, naye anakisogeza kwenye ubao wake. Dadu zilirushwa na tovuti, hakuna kudanganyana. Na walikuwa na adabu yao: anayeleta zamu huandika Hodi, anayepokea hujibu Karibu, ndipo risasi zinaanza.

Vikosi vilivyokuja na mchezo vilikuwa vya karatasi. Jemadari akavidharau, akajitengenezea vyake kwa plasta ya meno, vyeupe pe, na chini ya vichache akaandika kwa penseli majina ya watu wa nyumbani. Utani tu! Mama mkwe alipewa kikosi cha mstari wa mbele, na kila kilipopigwa Jemadari alicheka peke yake mpaka machozi. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa mizinga. Mkewe alikuwa vifaru. Binti yao wa miaka tisa, waliyemwita Chiriku kwa maneno yake mengi, aliwekwa nyuma kabisa kulinda daraja.

Miaka sita hiyo Jemadari hakuwahi kushinda. Safari hii, baada ya miezi kumi na moja, alikuwa amembana Tarishi mtoni, amebakiza zamu tatu ammalize. Halafu mtu anakufa! Jemadari alilia, kweli alilia, lakini tuambizane ukweli, nusu ya machozi yalikuwa ya ule ushindi.

Jumamosi asubuhi akaketi mbele ya ubao na kompyuta. Mkewe akachungulia.

"Unamwandikia nani?"

"Tarishi."

"Tarishi yupi? Si ulisema kazikwa?"

"Ni mwanawe huyo. Au marehemu aliipanga itumwe yenyewe, kompyuta siku hizi zinafanya mambo."

"Baba Chiriku, mtu anakupigia hodi kutoka kaburini, wewe unamwambia karibu? Una akili kweli?"

"Zamu tatu, mke wangu. Tatu tu."

Akaandika Karibu, akatuma. Mlango wa mbele, uliokuwa umetiwa komeo, ukafunguka, ukajifunga taratibu. Mkewe akasema ni upepo, akarudi jikoni. Nje hata jani halikutikisika.

Jibu lilifika kabla Jemadari hajaondoa mkono. Tarishi alishambulia chumba chenye vikosi viwili, mizinga ya Shemeji na gari la chakula lisilo na jina. Dadu zote mbili zilitoa sita. Chini yake kuliandikwa: Mtetezi achague hasara. Hiyo ndiyo kanuni ya mchezo, aliyepigwa ndiye anayechagua kikosi chake kipi kife. Mizinga ilikuwa imekwisha nguvu, haina faida. Jemadari akaandika, Mizinga, akakitoa kile kipande ubaoni.

Uani, Shemeji alikuwa akikata mbao za rafu ya jikoni, maana useremala ndiyo kazi yake. Msumeno wa umeme ulikuwa ukilia tangu asubuhi. Mlio ukabadilika ghafla, ukawa mzito, wa majimaji. Walipotoka mbio walimkuta chali juu ya meza yake, msumeno umempasua kuanzia kiganjani, ukapanda mkono mzima, ukavuka bega, sasa uko shingoni unaendelea kuzunguka, na damu imeruka mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Jemadari alikimbilia plagi aichomoe. Plagi ilikuwa imelala mchangani, haijachomekwa popote.

Wakazika. Mama mkwe akahamia kwao kumliwaza binti yake, ingawa mwenye kufiwa na mwana alikuwa yeye. Jemadari hakumwambia mtu kwamba kile kipande cha mizinga alikikuta kimevunjika, ndani kibichi, chekundu, na chumba kizima kinanuka baruti. Alifunga chumba kwa ufunguo. Aliapa hatafungua barua ile tena.

Ijumaa iliyofuata, saa tisa na nusu alasiri, Hodi ikaingia kwenye simu. Hakujibu. Ikaingia nyingine.

"Nimeshaingia. Hodi ni heshima tu."

Halafu shambulio. Jemadari akafungua kile chumba, akautazama ubao. Mama mkwe alikuwa amerudishwa nyuma zamu zilizopita, chumba kimoja na Chiriku, darajani. Dadu zikatoa sita na sita. Mtetezi achague hasara. Akinyamaza mpaka saa kumi, mshambuliaji atamchagulia.

Jemadari alisimama mlangoni akitazama sebuleni. Bibi alikuwa kochini, mjukuu ameketi chini katikati ya magoti yake anasukwa nywele, huku anasimulia habari za mwalimu wao aliyeanguka kwenye kiti. Bibi anacheka. Mama mtu alikuwa kazini bado. Ilikuwa saa tisa na dakika hamsini na saba.

Alirudi kwenye kompyuta, akatazama vile vipande viwili, na moyo wake ulikwisha kuchagua kabla ya vidole, na hilo ndilo alilolichukia zaidi baadaye, kwamba hakusita hata nukta moja. Akaandika, Mama Mkwe.

Kwanza alisikia buti, ndogo ndogo, nyingi, zikitoka chini ya meza na kupita katikati ya miguu yake kuelekea sebuleni, hazionekani, ila zulia lilikuwa likididimia kila zilipokanyaga, kisha akasikia mlio kama mvua inayoanza juu ya bati, na sauti ya Bibi ikisema "Nini hiki, jamani, nini kinaniuma?", na alipofika alimwona yule mama akiinuka kutoka kochini huku matundu madogo yakifunguka mwilini mwake kuanzia vifundo vya miguu kwenda juu, kila tundu kubwa kiasi cha punje ya mchele, mamia kwa mamia, tumboni, kifuani, shingoni, mashavuni, na kila tundu linatoa uzi wake wa damu, naye bado amesimama, bado ameshika kitana, anamtazama mkwewe usoni kana kwamba anajua, mpaka macho nayo yakatobolewa. Akaanguka juu ya mjukuu wake. Chiriku hakuguswa hata na moja.

Mkewe ndiye aliyemleta Sista. Huyu zamani alikuwa muuguzi wodi ya wanaume, sasa anatoa majini, lakini watu wameshindwa kuliacha lile jina. Alikuja adhuhuri, kavaa miwani, begi kwapani, akasimama mbele ya ubao, akanusa.

"Nani alisema karibu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi," Jemadari akajibu.

"Na nani anawachagua?"

Sista akageuza kompyuta, akasoma yale majibu kwa sauti, moja baada ya lingine. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimwandika mama yangu?"

"Ilikuwa yeye au mtoto."

Mkewe alimpiga ngumi ya mdomo, jino likalegea. Kisha akamvuta Chiriku, akampakata, hakumtazama tena mumewe.

"Mtagombana baadaye," Sista alisema. "Huyu si rafiki yako. Ni jini wa vita, anakaa palipomwagika damu, na akitaka kutoka hujivika jina la maiti. Lakini hamgusi mtu ambaye hajaandikishwa jeshini. Wewe umemwandikishia ukoo mzima, kwa penseli! Chukua kisu. Kwangua kila jina na useme, huyu si askari. Na usimjibu. Akikutukana, usijibu. Akikubembeleza, usijibu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Sista."

Akachukua kisu chake cha kazi, kile cha kuchongea fizi. Akaanza na mkewe. Kila alipokwangua herufi moja, ngozi ya mgongo wa mkewe ilichanika ndani ya gauni, naye akauma meno, akavumilia, hakumwachia mtoto. "Huyu si askari," Jemadari alisema, na jina likaisha. Mkewe akashusha pumzi. Amepona.

Kimebaki kimoja. Kipande cha darajani kilikuwa kimeng'ang'ania ubao, hakinyanyuki. Sista akakishika kwa nguvu zake zote, akakipindua, halafu akapiga yowe, maana kile kipande cha plasta kilikuwa kimefungua mdomo wenye meno safi, yaliyopangwa vizuri, kazi ya Jemadari mwenyewe, na vidole viwili vya Sista havikuwepo tena.

"Kwangua!" alipiga kelele, damu inaruka ukutani. "Nimekigeuza, kwangua!"

Jemadari akakwangua. Chi ikatoka. Kompyuta ikalia, na kwenye kioo dadu zikawa zinazunguka, na buti zikaanza, safari hii si chini ya meza tu bali ukutani, darini, kabatini, nyumba nzima inatembea, harufu ya baruti inawakaba koo, na Chiriku mapajani kwa mama yake akaanza kulia "Baba, inauma, Baba, miguu yangu," na Jemadari akageuka akaona tundu la kwanza likifunguka kwenye kifundo cha mguu wa mwanawe, na la pili, na la tano, na la ishirini, yanapanda kwenye goti, na mkewe anayaziba kwa viganja na damu inapita katikati ya vidole.

"Herufi nne tu!" Sista alilia. "Usimtazame mtoto! Maliza herufi!"

Lakini yule alikuwa baba yake. Herufi nne zilikuwa nyingi mno. Kisu kilimponyoka, akarukia kompyuta, akaandika maneno mawili: Nasalimu amri.

Kukawa kimya. Buti zikasimama. Matundu ya miguuni yakajifumba moja moja, yasiache hata alama, na Chiriku akaacha kulia. Jemadari alianguka kwa magoti, akacheka, akalia, akasema asante, asante, bila kujua anamshukuru nani.

Sista alikuwa amefunga mkono kwa kanga ya kochi. Alikuwa akitazama kioo.

"Umefanya nini wewe?" alinong'ona.

Jibu lilikuwa la heshima kama siku zote. Nimepokea. Kwa kanuni ya hamsini na tatu, anayesalimu amri hukabidhi vikosi vyake vilivyobaki, vikiwa hai. Hongera kwa mchezo mzuri.

Chiriku alijitoa mikononi mwa mama yake. Akazunguka meza, akasimama upande wa pili, ule ambao siku zote haukuwa na mtu. Alikuwa mzima, hana jeraha, nywele zake zimesukwa nusu. Akainama, akaokota kisu, akakijaribu makali kwa kidole gumba, kisha akawatazama wote watatu, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, akianza na aliye karibu.

"Mama Chiriku, rudi nyuma," Sista alisema. "Taratibu. Huyo si wenu tena."

Mkewe hakurudi nyuma. Alipiga magoti palepale sakafuni, akafungua mikono.

"Ni mwanangu," alisema. "Mwache aje."

Chiriku akaja.