Bakuli la Mkono wa Kushoto

Nilitoka kununua msasa tu. Karatasi mbili za msasa laini, katika duka la vifaa lililo hatua kama mia moja kutoka karakana yetu. Jua lilikuwa linazama na mwenye duka alikuwa ameanza kuingiza ndoo na mafagio ndani. Kufuli nililifunga mwenyewe. Nililivuta mara mbili, kwa sababu lina tabia ya kujifanya limefunga.

Niliporudi, mtu alikuwa anakwangua mbao ndani.

Kwaru... kwaru... Halafu pumzi ndefu ya kupuliza vumbi. Fuuu. Halafu tena, kwaru...

Kufuli lilikuwa limefungwa vilevile.

Niseme ukweli, sikuogopa. Nilikasirika. Bakuli lile lilikuwa limenichosha kiasi kwamba hata jini angetoka nalo mkononi ningemwambia alichukue aende nalo. Nilihangaika na ufunguo, nikausukuma mlango kwa bega. Ndani hapakuwa na mtu. Bakuli lilikuwa juu ya benchi, nilipoliacha. Ila nilikuwa nimeliacha laini kama shavu la mtoto, na sasa upande wa ndani ulikuwa umejaa mikato mipya. Maranda yalikuwa bado na unyevu. Hewani palikuwa na harufu ya karafuu.

Kaka yangu alikuwa akitafuna karafuu, kwa ajili ya jino lililomsumbua. Alikuwa na miezi minne kaburini.

Tulimwita Shoto, kwa kuwa hakuna alichofanya kwa mkono wa kulia. Bakuli lile alilianza yeye. Alichukua kipande cha mfenesi, akachonga umbo la nje kwa tezo, kisha akalifukia ndani ya gunia la maranda chini ya benchi, likauke polepole lisipasuke. Alimwahidi mama. Kisha ikaja homa ya siku sita, na gunia likabaki chini ya benchi.

Mama haoni tena. Vidole vyake ndiyo macho. Tangu mazishi alikuwa anakula vijiko vitatu, anasukuma sahani. "Nitakula nikiletewa bakuli langu," alisema, na shingo yake ikawa inazidi kuwa nyembamba. Ningefanya nini? Nililitoa bakuli kwenye gunia.

Karakana yetu ilikuwa na mwiko mmoja, tuliourithi kwa baba: bakuli aliloanza fundi mmoja asilimalize mwingine. Haukuwa na uhusiano wowote na mizimu. Mikato ya mkono wa kulia huinamia huku, ya kushoto huinamia kule, kama mwandiko, na mikono miwili ikikutana katika ubao mmoja huwa inagombana. Ndivyo nilivyofundishwa. Nikajiambia msasa utaipatanisha.

Siku tisa. Kila siku nilikwangua, nikapiga msasa, nikalipangusa kwa kitambaa chenye maji ili nyuzi za ubao zisimame, nikapiga msasa tena. Na kila nilipogeuka, kwenda kunywa maji, kwenda msalani, kwenda kununua msasa mwingine, nilikuta mikato. Yote imeinamia kushoto.

Jioni ile nilikwenda kwa jirani yetu, fundi makochi, aliyekuwa amekaa mlangoni na misumari midogo katikati ya midomo.

"Jirani, umeona mtu akiingia kwangu?"

"Nani aje kuiba vumbi la mbao?"

"Nakuuliza kama umeona mtu."

Alitema misumari kiganjani. "Nimekuona wewe. Umetoka, umerudi, umeingia, ukaanza kukwaruza. Sasa umetoka tena unakuja kuniuliza mimi. Kapumzike, ndugu yangu. Msiba haukimbizwi kwa kazi."

Mfukoni nilikuwa na karatasi mbili za msasa. Mpya, hazijakunjuliwa.

Ufunguo wa pili ulikuwa kwa shemeji, mjane wa Shoto. Nilikuwa nimemshuku siku kadhaa, nikijiambia uchungu humfanya mtu afanye mambo. Kesho yake mchana nilimkuta anaanika nguo.

"Shemeji, ule ufunguo wa karakana..."

"Uko msumarini. Haujaguswa tangu tumzike." Alinitazama, kisha akatazama chini. "Hebu nionyeshe mkono."

Nikautoa wa kulia.

"Si huo. Huo mwingine."

Chini ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto palikuwa na malengelenge mawili, moja limepasuka. Mkono ule hushika bakuli tu. Haujawahi kushika kisu.

"Hapo hapo," alisema, sauti ikishuka. "Nimepapaka mafuta miaka kumi na miwili hapo."

Niliona haya kwa kumshuku. Nikageuka niondoke. Akanishika shati.

"Kama ni yeye..." Alitazama dirishani, kisha akaninong'oneza karibu na sikio. "Mwambie watoto ndiyo kwanza wameanza kulala. Asije huku."

Nilirudi karakana nimevimba kwa hasira. Kwa fundi makochi niliomba kipande cha mkanda ule mpana anaoushonea chini ya viti. "Unamfunga nani?" akauliza. "Mwizi wangu," nikasema, naye akacheka.

Jua lilipoanza kuwa jekundu nilikaa kwenye kigoda, nikaufunga mkono wa kushoto kwenye mguu wa benchi, fundo juu ya fundo, nikilikaza kwa meno. Bakuli nililibana kwa magoti. Nikaanza kupiga msasa kwa mkono wa kulia.

"Leo nalimaliza," nilisema kwa sauti. "Umesikia? Mama hali. Acha utoto."

Nilipiga msasa. Mikato ikaanza kufutika. Vumbi la njano lilianguka mapajani.

Kisha karafuu.

Kwanza kwa mbali... kisha karibu... kisha kana kwamba mtu ameinama juu ya bega langu kuangalia kazi.

Sikugeuka.

Kwaru.

Niliendelea kupiga msasa. Nina hakika niliendelea.

Kwaru... kwaru... Fuuu.

Vumbi liliruka kutoka ndani ya bakuli, likanipiga usoni. Nilifumba macho. Kufumba na kufumbua tu.

Nilipoyafumbua palikuwa na giza, na taa ya mtaani ilikuwa inaingia kwa ufa wa dirisha. Mkanda ulikuwa sakafuni, umekatwa mara moja, safi. Bakuli lilikuwa mapajani mwangu. Ndani, kuanzia mdomo hadi kitako, mikato midogo ilikuwa imepangana kama magamba ya samaki, hakuna mmoja uliozidi mwenzake. Sijawahi kuchonga hivyo. Hata hilo liliniudhi: lilikuwa zuri.

Msasa ulikuwepo. Ningeweza kuifuta mikato yote. Nilifikiria shingo ya mama.

Nikachukua kitambaa, nikalipaka mafuta, nikalipangusa, nikalipaka tena. Baadaye sana ndipo nilipokumbuka ni mkono upi ulioshika kitambaa.

Mama alikuwa ameketi kitandani. Nililijaza uji, nikampa bakuli mikononi. Vidole vyake vilizunguka nje, vikapanda mdomoni mwa bakuli, vikashuka ndani taratibu mpaka vikagusa uji. Akatabasamu. Miezi minne sikuwa nimeona meno yake.

"Nilijua utalimaliza, Shoto."

Nilitaka kumsahihisha. Lakini alikuwa ameshainua kijiko. Alikula wote, akakwangua kitako, akaomba tena. Ningemwambiaje? Nikalijaza tena.

Aliposhiba alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wangu wa kushoto. Kidole gumba chake kikapita juu ya malengelenge, kama mtu anayehakikisha jina.

"Na Kitinda yuko wapi?" aliuliza. Kitinda ni mimi, mtoto wake wa mwisho. "Mdogo wako siku hizi simsikii kabisa humu ndani."

Nilifungua kinywa nimwambie, mama, niko hapa.

Ilitoka pumzi tu, ndefu, kama ya mtu anayepuliza vumbi. Na ulimini nilisikia ladha ya karafuu.