Taa ya Kijani Sebuleni kwa Shangazi

Kila asubuhi, kabla ya kugusa simu ya mteja yeyote, Fundi alifuta meza yake kwa spiriti, akapanga bisibisi kwa ukubwa, kisha akanywa chai. Siku hiyo chai ilikuwa bado nusu kikombe wakati mkono wenye mafuta ya kuku ulipotua katikati ya meza safi.

Mkono wa Kaka yake.

"Mdogo wangu, funga mlango. Kuna kazi."

Nyuma yake aliingia Dereva, mtu asiyemtazama mwenziwe usoni. Wakakaa chumba cha nyuma, kati ya redio zilizokufa. Kaka aliutoa mpango huku akitafuna mfupa.

"Nyumba ya Shangazi. Leo. Akishaenda kliniki tunaingia, tunachukua kile kisanduku ulichomtengenezea marehemu, tunatoka."

Fundi alikijua vizuri. Kisanduku hicho alikiunda mwenyewe: kompyuta ya kutoshea kiganjani, diski mbili, feni ndogo. Binamu yao, mwana wa Shangazi, alitaka pa kuhifadhia video zake nyumbani, mbali na macho ya watu. Mojawapo aliirekodi kiwandani alikofanya kazi, sumu ikimwagwa mtoni. Haukupita muda, akakutwa amekufa. Nyingine zilikuwa za kawaida tu, akiimba, akimtania mama yake. Shangazi alizitazama kila siku kwenye runinga.

"Nani anakitaka?"

"Bosi wa kiwanda. Akichome. Wakili wa Shangazi anakuja kukichukua kesho."

"Shangazi ndiye aliyetulea, Kaka."

"Nimekuuliza nani katulea?" Alilamba vidole, kimoja kimoja. "Usipokuja na bisibisi, nakwenda na nyundo. Na akinikuta, shauri yake."

Fundi akachukua bisibisi.

SAA NNE ASUBUHI. Dereva alibaki garini, injini inawaka. Ufunguo wa akiba ulikuwa chini ya chungu cha maua, palepale ulipowekwa tangu wakiwa wanafunzi. Kaka aliuokota akicheka. Sebule ilinukia sabuni. Chini ya runinga, taa ya kijani ya kisanduku ilikuwa inapepesa.

"Ng'oa."

"Bado kinanakili. Diski moja inaipa nyingine. Ukikata umeme sasa, faili zinaharibika."

"Si zinakwenda kuchomwa, mjinga wewe?"

Alijua. Hata hivyo vidole vyake viliituma amri ya kuzima kupitia simu, kisha vikasubiri, kama kwa mteja yeyote. Maisha yake yote hakuwahi kung'oa waya wa mashine inayofanya kazi. Feni ilivuma. Kaka alimpumulia shingoni, pumzi ya kitunguu na sigara, na Fundi akajichukia kwa kutosogea.

Nje honi ililia mara moja. Halafu gari likanguruma, likaenda zake.

"Katukimbia," Kaka alinong'ona. "Mbwa yule."

SAA NNE NA ROBO. Mlango ukafunguka. Shangazi, kadi ya kliniki mkononi.

"Daktari mwenyewe hayupo, nimechoka bure. Eh, wanangu! Mnaingia kimyakimya hivyo?"

"Shikamoo, Shangazi." Tabasamu lilimjaa Kaka usoni. "Tumekuja kukisafisha kidude chako. Kimejaa vumbi hiki. Jioni tunakirudisha."

Sauti tamu. Ileile aliyoombea nyama ya ziada utotoni.

"Marahaba. Ningemwita nani zaidi yenu?" Shangazi alivua viatu, akavuta kigoda mbele ya runinga. "Ila kabla hamjakibeba, niwekeeni ile anayoimba akioga. Anavyokosea maneno. Nicheke kidogo, ndipo mkichukue."

Kaka alimtazama mdogo wake. Macho yake yalisema, ng'oa.

Taa ikaacha kupepesa. Ikazimika. Sasa waya ungeng'oka salama, na kila kitu kilichokuwa ndani kingekuwa kizima.

Fundi aliweka bisibisi sakafuni, akasimama kati ya Kaka na kisanduku.

"Shangazi, hatusafishi chochote," alisema. "Tumekuja kukuibia. Kaka amemuuza mwanao, na mimi nimekuja kumfungia mzigo. Mpigie wakili aje sasa hivi."