Uvundo wa Piridini

Chupa ilikutwa imevunjika kwenye sakafu ya maabara saa moja asubuhi, na uvundo wake ulimfanya Inspekta azibe pua kabla hajavuka mlango. Palinuka samaki aliyeoza. Kufuli lilikuwa zima, na ufunguo wa pili alikuwa nao fundi wa maabara, kwa hiyo askari walishamtia pingu.

"Kazi yangu yote ilikuwa kwenye chupa hiyo!" Daktari, mtafiti mkuu, hakutulia, mara akae, mara asimame. "Na leo wakaguzi wanakuja kuona matokeo. Huyu nilimtafutia kazi mwenyewe kwa kuwa ni ndugu wa mke wangu, kumbe nafuga nyoka!"

"Shemeji, mimi sijagusa kitu." Fundi alimgeukia Inspekta. "Inspekta, mke wangu anakaribia kujifungua. Mkinilaza ndani, nani atampeleka hospitali?"

Inspekta alimwonea huruma. Alifungua kabati: chupa ya akiba ya piridini, malighafi ya Daktari, ilikuwa na lakiri yake, haijaguswa. Akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Kulikuwa na jambo linalomkera na hakulijua.

"Daktari, nieleze kama unamweleza mtoto. Ulikuwa unatengeneza nini?"

Daktari alichangamka. "Piridini ni pete ya kaboni tano na naitrojeni moja. Naichanganya na haidrojeni peroksaidi, oksijeni inajishika kwenye ile naitrojeni, napata oksidi ya kutengenezea dawa. Njia yangu inageuza yote, haibaki hata chembe."

"Unajuaje imekamilika?"

"Pua tu inatosha! Piridini inanuka, oksidi yake hainuki. Jana jioni nafunga mlango, humu hamna harufu kabisa."

Alisema hayo leso ikiwa puani. Inspekta aliitazama ile leso, akalijua lililomkera.

"Hebu toa leso, Daktari. Kama yote iligeuka, na chupa ya akiba haijafunguliwa, hapa kinanuka nini?"

Daktari alikaa, na safari hii hakuinuka.

"Haikugeuka," alisema. "Haijawahi kugeuka hata siku moja. Nilishajitangaza, Inspekta, na wakaguzi wana pua. Nikaja alfajiri nikaivunja, nikafunga mlango."

"Ukijua nani atabebeshwa lawama."

Daktari alinyoosha mikono. Pingu zilihamia mikononi mwake. Mezani simu ya fundi iliita. Alikuwa dada yake, mke wa Daktari. Fundi aliitazama huku akisugua vifundo vya mikono, machozi yakimlengalenga, kisha akaisogeza mbele ya Daktari.

"Pokea wewe, shemeji. Mwambie dada ulitaka kunifungisha."